Kizibo cha Dari

Kwenye dari ya jiko la bibi yangu Lempi
palikuwa na tundu la upana wa kidole cha mwisho,
limezibwa kwa kizibo cha chupa.
Mjomba Onni, ambaye jina lake maana yake ni bahati,
aliketi chini yake akisafisha bunduki isiyo na kitu.
Haina kitu. Alisema hivyo. Wote walisema.
Juu, binamu yangu alikuwa ametoka kitandani
dakika mbili kabla, kwenda chooni.
Neno hilo tulilirithi pamoja na sufuria,
haina kitu,
na hakuna aliyelitamka bila kutazama juu.

Septemba hii, nina miaka arobaini na saba,
mwokaji mikate mwenye unga kwenye kucha,
nimekuja shimo la kokoto nje ya Kuhmo
kujifunza bunduki.
Chama cha wawindaji kimeishiwa watu.
Vijana wamehamia kusini,
na kulungu wakubwa, wenye pembe kama makoleo,
wanavuka barabara usiku na kuvunja magari.

Mwalimu ni Hilkka, aliyesambaza barua miaka thelathini
kwenye theluji na matope.
Ananikabidhi bunduki, komeo liko wazi.
"Ina risasi?"
"Haina," nasema, na ulimi unaniwasha.
"Umejuaje?"

Siku nzima ikaishia hapo.
Vuta komeo. Tazama chemba. Kisha tia kidole,
maana jicho huona linachotaka kuona.
Mpe mwenzako, naye atazame.
Akikurudishia, tazama tena,
hata kama umemwona akitazama.
Si kumshuku. Ni kama kubisha hodi
kwenye nyumba ambayo mlango wake uko wazi.

Siku ya pili niligeuka kumwuliza jambo
na mtutu ukageuka nami, kama mbwa na bwana wake.
Akaushika, akaurudisha kwenye mchanga.
"Uliza kwa mdomo," akasema.

Na kidole cha shahada:
kikae nje, kimelala juu ya ubao,
shahidi kwenye benchi ya mahakama,
asiyeingia mpaka aitwe.

"Nyuma ya shabaha kuna nini?"
Mchanga.
"Nyuma ya mchanga?"
Msitu.
"Na msituni, Septemba?"
Nikamwona shangazi yangu Saimi na ndoo yake,
ameinamia uyoga, kiuno juu, hajui lolote.
"Basi risasi ikomee mchangani.
Usipouona mchanga, hupigi."

Siku ya tatu: risasi tatu.
Nikavaa viziba masikio, nikasikia moyo wangu
ukitembea na mabuti.
Nikatoa pumzi nusu. Nikabonyeza
polepole, ninavyobonyeza mkate kujua kama umeiva.
Kishindo kilinijia begani kabla ya kufika masikioni.
Mara tatu.
Shabaha yangu ilibaki safi kama shuka ya wageni.
Ya jirani yangu Urho, fundi wa meno,
ilikuwa na matundu manane,
naye alikuwa amepiga matano.
Tulicheka mpaka Urho akaketi kwenye kokoto.
Hilkka hakucheka. Alingoja makomeo yafunguliwe,
akatia kidole, chemba baada ya chemba,
ndipo akacheka.

Wanasema ajali haina kinga.
Hilkka hakubali; anasema ina kinga nyingi,
na zote zinachosha.
Wanasema pia majuto ni mjukuu.
Hilo siwezi kulipinga. Mjukuu ni mimi,
na nyumba ya Lempi sasa ni yangu.

Jioni nilipanda kigoda, nikang'oa kizibo.
Vumbi kidogo, na uzi wa buibui.
Nikatia kidole cha mwisho mpaka kifundo cha pili.
"Haina kitu," nikasema.
Kisha nikarudisha kizibo,
maana upepo wa orofani unapita pale,
na baridi imeanza.